Mishale Myekundu ya Dama

Mwanangu Dama,

Barua ya mzazi huanza kwa kuuliza hali. Mimi sikuulizi, maana hali yako nimeiona leo saa sita mchana, kwa macho yangu haya, ndani ya daftari lako la jalada la buluu, na tangu hapo mimi mwenyewe si mzima. Ukiona maandishi yamepinda usidhani ni uzee, na usicheke.

Wewe umekwenda Junda kumuaga bibi yako, hutarudi mpaka magharibi. Kesho asubuhi treni ya Miritini inakuchukua kwenda bara, kwa masista, kuanza malezi ya utawa. Mambo ya njiani sikuandikii. Shangazi yako ameshakuambia mara kumi uvae soksi kwa sababu ya baridi, na sista mkuu wa nyumba ile amekutumia orodha ya vitu vya kubeba mpaka idadi ya vitambaa vya mkono. Nataka kukuandikia jambo ambalo nikijaribu kulisema kwa mdomo nitaanza kukufokea kuhusu vyombo. Unanijua.

Kwanza niseme kosa langu la leo. Nilikuwa napiga pasi shuka zako nizipange kwenye sanduku. Nikachukua foronya ya mto wako, daftari likaanguka. Ningelirudisha mahali pake, na mtu mwenye adabu angefanya hivyo. Lakini lilianguka likafunguka, nikaona mshale mwekundu, ule ule wa kwetu kiwandani, nikaketi kitandani nikalisoma lote. Pasi nikaisahau, ikaunguza shuka moja. Nimesoma siri zako bila ruhusa yako, na nalisema hilo kabla sijasema jingine lolote.

Kazi yangu unaijua, lakini acha nikueleze tena, kwa sababu leo nimeiona kama sijawahi kuifanya. Miaka kumi na minane nimekuwa mkaguzi katika kiwanda cha mashati hapa Changamwe. Nasimama kwenye meza chini ya taa kali, mashati yanakuja kutoka kwa washonaji, naangalia kola, naangalia vifungo, nageuza pindo. Nikiona uzi unaning'inia, au mshono umeruka, au tone la mafuta ya cherehani, nabandika kikaratasi chekundu chenye mshale unaoelekea pale penye kosa. Sirekebishi, wala sisemi kitu, nabandika tu na kuvuta shati linalofuata. Jicho langu limekuwa jicho la kazi hiyo. Harusini naona pindo la suruali ya bwana harusi kabla sijaona uso wake. Baba yako hunitania kwamba siku ya hukumu nitamsimamisha malaika nimwonyeshe uzi uliotoka kwenye bawa lake.

Ulipokuwa na miaka tisa ulikuwa unajiandaa kwa komunyo ya kwanza. Katekista alitaka wazazi tuwafundishe watoto kuchunguza dhamiri kila jioni. Akina mama wengine walilalamika hawajui waanzie wapi. Mimi nikajiona fundi. Nikaleta nyumbani roli la mishale iliyobaki kiwandani, nikatundika kalenda jikoni karibu na rafu ya vikombe, nikakuambia, "Mungu anataka tuwe wakamilifu. Sasa tutafute palipoharibika." Kila jioni ukabandua mshale mmoja, ukaubandika kwenye tarehe ya siku hiyo, ukasema kosa lako kwa sauti. Nimemsukuma ndugu yangu Kazungu. Nimelamba sukari. Nimesinzia kwenye rozari. Nikakusifu sana. Katekista alipoiona kalenda ile aliwaambia wazazi wote waje kwangu wajifunze, nami kichwa kikavimba wiki nzima.

Baada ya komunyo niliitoa kalenda ukutani, nikaifungia vitumbua. Nikasahau. Dama, nilisahau kabisa, kama mtu anavyosahau mahali alipoweka sindano, mpaka mwingine aikalie.

Wewe hukusahau. Ulilichukua lile roli. Miaka kumi, mwanangu! Nimefungua ukurasa baada ya ukurasa nikitafuta mahali ulipoacha, na hukuacha. Mishale ya kubandika ilipokwisha ukaanza kuichora mwenyewe kwa kalamu nyekundu, yote ya kipimo kimoja, mizuri kuliko ya kiwandani. Nilicheka kanisani. Nilitamani viatu vya Rehema. Nilimjibu mama kwa sauti kavu. Nilisali haraka. Nilifurahi waliposema naimba vizuri. Kuna siku moja umeandika, "Leo nimechunguza sikuona kosa." Nikasema moyoni, ahsante Mungu. Kisha nikaona chini yake mshale, na mbele ya mshale umeandika, "Kiburi."

Hapo niliweka daftari chini nikatoka uani. Mama Zainabu wa chumba cha pili alikuwa anaanua nguo. Akaniuliza, "Mama Dama, kulikoni? Umepata habari mbaya?" Nikamwambia ni moshi wa pasi.

Nikarudi. Na ningekuwa na akili ningekuwa nimemaliza, lakini nilikuwa bado sijafika kwenye ukurasa wa leso.

Unaikumbuka vizuri kuliko mimi, lakini nitaisimulia kama nilivyoijua mimi, ili uone nilivyokuwa kipofu. Ulikuwa darasa la sita. Sisi akina mama wa kanisani tulikuwa tumechapisha leso za sare kwa sikukuu ya Mama Maria, za buluu na nyeupe, na kila mwanamke alikuwa na doti yake moja tu. Ukaniomba kipande kimoja uende nacho shuleni kwa ngoma ya kufunga muhula. Nikakupa, nikakuonya. Jioni ukarudi bila leso. Ukaniambia uliifua kwa sababu ilipata vumbi, ukaianika kwenye kamba ya shule, ikaibwa. Siku ya sikukuu nilisimama mstari wa nyuma na kipande kimoja cha sare na kingine cha maua mekundu, peke yangu, nikiwa mwekahazina wa chama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Basi Jumatano jumuiya ilipokuja kusali hapa kwetu nikakusimamisha katikati ya sebule. Watu wazima ishirini na kitu wamekaa kwenye mikeka, nawe miaka kumi na miwili, mikono nyuma. Nikakuambia uombe msamaha kwa uzembe wako mbele ya Mungu na mbele ya wote. Ukaomba. Ukasema, "Naomba mnisamehe, niliiacha leso kambani ikaibwa." Mzee mmoja akasema mtoto huyu amelelewa. Na mimi nikamwamini yule mzee.

Leo nimesoma, kwa mwandiko wako wa darasa la sita, kwamba leso haikuibwa. Umeandika: "Mwanasiti alianza damu kwenye mstari wa ngoma, akataka kulia, nikamfunga leso kiunoni tukatoka. Akaenda nayo nyumbani. Aliniapisha nisimwambie mtu hata mama." Na chini yake mishale miwili. Mmoja: nimemdanganya mama. Wa pili: nimewadanganya jumuiya wakati wa sala.

Nilipiga kelele, Dama. Si kilio, ni kelele ya mtu aliyekanyaga moto. Mwanasiti namkumbuka, yule mtoto mwembamba, wazazi wake walihamia Lamu mwaka uliofuata. Kumbe mtoto wangu alimfunika mwenzake aibu, kisha akasimama akala aibu yake mwenyewe mbele ya watu wazima asivunje ahadi. Nami, mkaguzi mkuu, nilikuwa nimekaa kwenye kiti nikimtazama, nikiona leso tu.

Na hujaishia hapo. Ukurasa ule umerudi kuuandika pembeni kwa miaka saba. Uliungama hapa parokiani, ukaandika "labda sikusema vizuri." Ukaungama tena Kisauni, karibu na Junda, ulipokwenda kwa bibi, ukaandika "padre alikuwa na haraka." Mwaka jana ulivuka feri mpaka Likoni kuungama kwa padre asiyekujua, jambo lile lile. Siku hiyo uliniambia unakwenda kumsalimia shangazi, nikakupa nazi nne umpelekee. Ulizibeba nazi zile! Uliungama, ukampelekea shangazi nazi ili usiwe umenidanganya, ukarudi nyumbani ukaandika, "Bado."

Mimi mama yako nililala chumba cha jirani na chako, ukuta mmoja, nikisema namshukuru Mungu mtoto wangu hana shida yoyote.

Baba yako aliona. Hili nalo limenipiga. Nilipomwonyesha daftari aliporudi kutoka bandarini alasiri, hakushangaa kama mimi. Alilishika kwa mikono miwili, akafungua kurasa chache, akalifunga. Akasema, "Nilikuambia, Mama Dama. Nilikuambia mtoto huyu hata akipiga chafya anaomba msamaha."

"Ulisema lini?"

"Nilisema Krismasi. Ukaniambia nikae na mambo yangu ya bandarini, mtoto ana wito."

Ni kweli alisema, na ni kweli nilimjibu hivyo. Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu hapa mtaani Magongo kwamba binti yangu anakwenda kuwa sista. Nilikuwa nimeshapokea pongezi. Mtu akishapokea pongezi anaziba masikio, na mimi niliyaziba kwa pamba.

Ukurasa wa mwisho umeuandika juzi. Mwenyewe unajua ulichoandika: "Kwa masista labda itakwisha. Huko nitakuwa mkamilifu, na Mungu ataacha kunitazama hivi." Sentensi hii nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, na kila mara nikifika kwenye lile "hivi" narudi mwanzo. Jicho hilo unaloliogopa nalijua. Linasimama chini ya taa kali, halisemi kitu, linatafuta uzi. Ni langu, Dama. Nilimvalisha Mungu jicho langu la kazini, nikakukabidhi ukiwa na miaka tisa.

Nikajifunga leso nikaenda kwa Padre Anselmi, na miguuni nina ndara za bafuni. Nilimkuta anamwagilia mchicha wake nyuma ya nyumba. Nikaanza kumwaga maneno: mtoto wangu hivi, mtoto wangu vile, wewe umemwungamisha, kwa nini hukuniambia. Akainua mkono. "Mama Dama, la mtoto wako siwezi kukuambia hata nusu neno, na unajua kwa nini. Lakini wewe nakuona umesimama hapa. Keti." Nikaketi juu ya ndoo.

Akaniuliza, "Wewe ukisikia mtu mkamilifu, unaona nini?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Shati lisilo na mshale."

Akacheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Alipoona sicheki akauliza polepole, "Na shati lenye mshale mnalipeleka wapi? Mnalitupa?"

"Hatulitupi, Padre. Linakwenda meza ya kurekebisha."

"Kuna nani huko?"

Nikamweleza. Kuna akina mama wanne, wazee wa kazi, wenye subira kuliko wote kiwandani. Wanafumua palipopinda wanashona upya, wanatoa doa kwa sabuni na chaki, shati linarudi kwangu, nalikagua tena, linakwenda kwenye boksi pamoja na mengine. Mnunuzi hajui lipi lilipita kule na lipi halikupita. Ya kutupwa ni machache mno, na mara nyingi kosa ni la kitambaa chenyewe. Nilikuwa namweleza hayo kwa haraka, kama mtu anayeeleza kazi yake, mpaka nikajisikia ninachosema.

Miaka kumi na minane nimesimama hatua tano kutoka kwenye meza ile. Nyumbani nilileta mishale, meza nikaiacha kiwandani.

Padre hakuniongezea maneno mengi. Alisema watu wengi hulishika lile neno la Injili la kuwa wakamilifu likiwa limekatwa kichwa, kwa sababu hapo kabla yake Bwana alikuwa anasema habari za jua la Mungu kuwatokea wabaya na wema, na mvua yake kuwanyea wote, na kuwapenda hata wasiotupenda. Ukamilifu ambao Kanisa linaufundisha, alisema, ni wa kupenda, na kupenda kunakua kidogo kidogo ndani ya mtu mwenye makosa yake, anayeanguka akainuka. Watakatifu walikufa wakiungama. Makosa madogo ya kila siku hayamfukuzi mtu kwenye meza ya Bwana, na chakula chenyewe ndicho dawa yake. Halafu akasema jambo moja lililonifanya nikuandikie usiondoke bila kulisikia: dhambi iliyokwisha kuondolewa, mtu akiibeba tena kutoka padre hadi padre, anateseka bure kwa kitu ambacho Mungu hana tena. Mtu wa namna hiyo atafute padre mmoja tu, amweleze yote mara moja, kisha amwamini kuliko anavyojiamini mwenyewe. Hakusema ni nani. Nami sikuuliza tena.

Kisha nikamwomba aniungamishe mimi. Huko ndiko nilikopata mshtuko mwingine, maana niligundua sijui kuungama. Miaka yote nimekuwa nikipeleka vitu vidogo vidogo vilivyopigwa pasi. Nimekasirika, nimesengenya, nimechelewa misa. Lile kubwa sikulitaja hata mara moja, na nitakuambia, kwa sababu wewe umeniandikia yako yote bila kujua.

Miaka mingi iliyopita alikuja kwenye laini yetu msichana wa bara, Akinyi, umri wako wa sasa. Alikuwa anashona kola kwa haraka na kwa ustadi. Siku moja bando lake zima la mashati lilifika mezani kwangu safi. Nilipekua shati la kwanza, la pili, la kumi, sikuona kitu, na badala ya kufurahi niliingiwa na hofu. Mkaguzi asiyebandika kitu huonekana amelala kazini. Basi nikabandika. Nilibandika mishale kwenye mashati matatu, kwenye mishono iliyokuwa sawa kabisa. Akinyi akaja mezani kwangu amelishika moja. "Madam, hii iko poa kabisa. Sasa hii mshale ni ya nini?" Wenzake wakageuka kututazama. Ningeweza kusema nimekosea, ni maneno mawili tu. Nikamwambia, "Nenda ujifunze kazi." Alilia chooni. Wiki haikwisha akaacha kazi, na sikujua tena alikoenda.

Mama Mutheu, mkubwa wa meza ya kurekebisha, aliyatazama mashati yale matatu. Akaniletea moja, akalikunjua mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini wengine wasisikie, "Sidi, shati hili linavalika au halivaliki?" Nikasema linavalika. Akaubandua mshale, akaubandika kwenye kiganja changu, akarudi kwake. Hakunisema kwa mtu. Hilo ndilo lilikuwa somo langu, nami sikulifanyia kazi kwa sababu niliona haya, na mwaka uliofuata, Dama, ndio mwaka niliotundika kalenda jikoni kwetu.

Sasa unaelewa kwa nini nilipiga kelele. Nilijua. Nilikuwa nimeshaona kwa mikono yangu jinsi mtu anayetafuta kosa anavyoweza kulitengeneza pale ambapo halipo, na bado nikakufundisha kazi hiyo hiyo uifanye juu ya nafsi yako. Ulikuwa mtoto mtiifu, ukaifanya vizuri kuliko mimi.

Nisikudanganye kwamba humo ndani hamna makosa. Yamo. Ulimjibu Kazungu ubaya mwaka jana ukamwita mvivu mbele ya rafiki zake, na hilo lilimuuma. Umesema uongo wako mdogo mdogo kama sote. Sikwambii dhambi ni hadithi, na Padre hakuniambia hivyo. Lakini katika daftari zima, kurasa karibu mia mbili, nimetafuta mahali palipoandikwa ulimpenda nani, sikupaona. Nami nayajua mengine. Najua nani alikuwa anamwogesha bibi yako mguu ulipomvimba. Najua nani alikaa na mtoto wa Mama Zainabu mwezi mzima mama yake akiwa amelazwa, na hakuuliza kama ni Mkristo au Mwislamu. Ungekuwa umeandikiwa na mtu mwingine daftari hilo lingekuwa nene mara mbili.

Sasa la kesho.

Ninajua ninachokiandika hapa, na ninajua Magongo watasemaje. Dama, usiende utawani kwa kukimbia. Masista nao wana vikombe vya kuosha, wana hasira, wana mmoja anayekoroma na mmoja anayependa kusifiwa. Jicho ulilolibeba utalikuta limekutangulia huko, limekaa kitandani linakusubiri. Nadhiri ni za mtu anayependa kitu kiasi cha kukiachia vingine. Kama huo ndio moyo wako, kama chini ya mishale yote hiyo kuna Dama anayemtaka Mungu kwa furaha, basi nenda mwanangu, nitakusindikiza mpaka Miritini na nitalia mbele za watu bila aibu. Ukifika, siku ya kwanza, mwombe sista mkuu akuonyeshe padre mmoja, umweleze yote, pamoja na mama aliyekufundisha.

Lakini kama unakwenda ili Mungu aache kukutazama, baki. Naandika tena usije ukadhani kalamu imeteleza: baki. Amka kesho useme "Mama, siendi," au usiseme kitu, vua viatu tu, nitaelewa. Tikiti ni karatasi. Jumuiya nitawaeleza mimi. Jumatano hii watakuja kwetu, na ukiwa umekwenda au umebaki nitasimama pale pale nilipokusimamisha wewe, niseme kwamba miaka saba iliyopita nilimwaibisha mtoto wangu kwa kosa ambalo halikuwa lake, na sababu yake sitaitaja kwa kuwa kuna mwenye siri. Wakitaka kuuliza maswali wataniuliza mimi. Mzee yule aliyesema umelelewa nitamwambia ni kweli, lakini si na mimi.

Utaogopa kwamba ukibaki utaniumiza. Usilipime hilo, tafadhali. Nimekuwa nikijipongeza kwa sadaka ambayo si mimi niliyeitoa, na aibu kidogo haitaniua. Baba yako ameshasema, akiwa anakula, kwamba chumba chako hakijapangishwa na hana haraka ya kukipangisha.

Daftari nimelirudisha kwenye foronya. Sikulichana, ingawa mkono uliniwasha. Ni lako, na jambo la kulifanya ni lako vilevile.

Kuna neno moja limebaki. Sisi wazazi wa kwetu hatulisemi kwa watoto. Huwa tunapika kuku, au tunanunua nguo mpya, mtoto anaelewa. Nilifikiri nikupikie kuku leo. Kisha nikaona miaka kumi si ya kuku. Nimekwenda jikoni nikalijaribu kwa sauti, mara ya kwanza halikutoka. Mara ya tatu baba yako akauliza kutoka sebuleni, "Unaongea na nani huko?" Nikamwambia naongea na Dama.

Nisamehe, mwanangu. Kwa leso, kwa kalenda, kwa kukutazama vile. Nisamehe.

Namalizia haraka, nasikia lango. Ni wewe, nimekujua kwa hatua. Unabisha hodi. Kila siku unabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yenu wenyewe, unasimama nje kimya mpaka mtu akujibu, na mimi miaka yote nilidhani hiyo ni adabu, nikajisifu kwa majirani. Leo ndiyo kwanza nimeisikia. Baba yako anatazama habari, hajakujibu. Unabisha tena, taratibu, kama mtu asiyejua atapokewaje.

Naweka kalamu nije nikufungulie. Ingia, Dama. Ni kwenu.

Mama yako,
Sidi